Vibuyu vya Uani: Somo kwa Watu wa Nyumbani

Ni nani kwetu asiyekijua kibuyu? Wazee wetu walinywea maji, walitilia maziwa, walisukasukia siagi, waliwekea mbegu za mwaka ujao. Lakini leo ukiingia katika nyumba nyingi waona ndoo na madumu ya plastiki tu, na kibuyu kimoja cha bibi kimetundikwa ukutani, cheusi kwa moshi. Kwa hiyo watu wengi wamedhani ya kuwa kazi ya kibuyu imekwisha. Sivyo. Chombo kilichokuwa cha kila nyumba sasa chatafutwa na watu wa mijini na wageni wa nchi za mbali, wasio na mahali pa kupanda mmumunye wala subira ya kuungojea, nao wako tayari kutoa fedha. Yafaa basi tujifunze jinsi ya kupanda vibuyu kando ya nyumba, kuvikausha, na kuvitengeneza vikawa vitu vya kuuzwa. Fedha zake si nyingi. Hazimtoshi mtu kuacha shamba lake la mahindi au mtama. Lakini zaweza kununua sare ya mtoto na madaftari yake, nasi twajua uzito wa mambo hayo mwezi wa Januari ufikapo.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Mti mkubwa wa porini uitwao mbuyu nao huzaa mabuyu, ambayo unga wake huliwa. Somo hili halihusu huo. Kibuyu tunachokisema ni tunda la mmumunye, mmea utambaao kama mboga, wenye majani mapana na maua meupe. Likiwa changa huitwa mumunye, likikauka na kutolewa mbegu huwa kibuyu. Kidogo cha mviringo huitwa kitoma, na kilichokatwa kikapata mkono mrefu ni kata ya kuchotea maji. Mmea huu ni wa Afrika tangu asili. Mwaka 2004 wataalamu walitoa habari ya mimumunye ya mwitu iliyoonekana Zimbabwe. Tena ni msafiri wa ajabu: umekutwa Amerika katika mabaki ya watu walioishi huko zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, na uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha ya kuwa vile vya Amerika asili yake ni Afrika, navyo vilichukuliwa na mawimbi ya bahari. Jambo hili si gumu kulisadiki. Mwaka 1954 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi walivyovielesha vibuyu katika maji ya chumvi siku 224, kisha wakapanda mbegu zake, zikaota. Ganda lililoweza kuilinda mbegu namna hiyo ndilo litakalolinda maziwa yako.

Wakati wa kupanda ndio neno la kwanza, na watu wengi hukosea hapo. Kibuyu chahitaji miezi minne hata mitano tangu mbegu mpaka kukomaa, na baada ya hapo chahitaji jua na upepo. Kwa hiyo usihesabu kutoka mwanzo wa mvua. Anza na kiangazi, uhesabu kwa kurudi nyuma. Watu wa Dodoma na Singida wana bahati katika jambo hili, maana mvua yao ni moja: hupanda mwezi wa Desemba mvua ikiisha kushika, na matunda hukomaa Mei au Juni, nchi ikiwa kavu. Penye mvua mbili, kama nchi za kaskazini, mtu aangalie asije akapanda mwanzo wa masika, matunda yakakomaa katika baridi na ukungu wa Julai, yataoza. Huko afadhali kupanda kwa vuli, yakomae kabla ya masika.

Mbegu ina ganda gumu. Iloweke katika maji mchana kutwa na usiku kucha kabla ya kuipanda. Chimba shimo pana, kama nusu mita, ulijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Tia mbegu tatu, kina cha vidole viwili, na zikiisha kuota uache shina moja lenye nguvu, mengine uyang'oe. Usiyahurumie. Kati ya shimo na shimo pawe na mita mbili au tatu, kwa kuwa mmumunye ulioshiba hutambaa mita saba, nane, hata zaidi. Ndiyo sababu nasema mahali pake ni uani: kwenye ua, kwenye mti mkavu, juu ya kichanja cha miti karibu na mahali pa kuoshea vyombo, ambapo maji yaliyotumika hayapotei bure. Usiuache upande juu ya kahawa wala paa la nyasi. Matunda mabichi yamejaa maji, nayo ni mazito kuliko unavyodhani.

Sura ya kibuyu huamuliwa na mahali kinapolala. Kinachoning'inia hupata shingo iliyonyoka. Kinacholala chini hupata shingo iliyopinda, ambayo ndiyo nzuri kwa kata, na upande mmoja hubapa. Ukitaka kibuyu kisimame mezani, kiweke wima kingali kichanga, juu ya ubao au kigae kikavu. Ukikifunga kamba kiunoni kikiwa laini, kitakua na kiuno. Ukikikwaruza juujuu kwa ncha ya mwiba, jeraha litapona na kuacha kovu lisilofutika. Watoto hupenda kuandika majina yao hivyo, na mnunuzi naye hupenda.

Sasa habari ya maua. Mmumunye una maua ya kiume na ya kike katika shina moja. La kike hutambulikana upesi, maana nyuma yake kuna kitunda kidogo chenye manyoya. Maua ya kiume huja mbele katika mtambaa mkuu, na ya kike huwa mengi katika matawi ya pembeni. Kwa hiyo mtambaa ukifika kama mita tatu, kata ncha yake, nao utatoa matawi. Maua haya hufunguka jioni, na wadudu wayatembeleao zaidi ni nondo wa usiku, wala si nyuki wa mchana. Ukiona vitunda vinageuka rangi na kuanguka, yamkini nondo ni wachache. Basi jua likiisha kutua, chuma ua la kiume, uondoe majani yake meupe, ukaupake unga wake katikati ya ua la kike. Ni kazi ya dakika moja, mtoto aweza kuifanya.

Usiache matunda mengi juu ya shina moja. Manne au matano yatosha kwa vibuyu vikubwa. Yale yaliyotangulia kushika ndiyo bora, kwa sababu yana siku nyingi za kunenepesha ganda, na ganda nene ndiyo thamani yote ya kibuyu. Yaliyoshika mwisho yawe chakula yakiwa machanga, kama mbegu yako ni ya ile namna tamu. Nzi wa matunda hutoboa kitunda kingali laini na kutaga mayai ndani yake. Kifunike kwa karatasi au kitambaa chepesi majuma mawili matatu ya kwanza. Koga jeupe la majani huja penye msongamano. Yaondoe majani yaliyougua uyachome.

Hapa yanipasa kusimama, niseme neno juu ya uchungu. Ndani ya jamaa ya matango na mamumunye imo sumu chungu. Mbegu iliyochaguliwa na wazee kwa kula ina kidogo mno. Mbegu ya vibuyu vya vyombo mara nyingi ina nyingi. Kuipika hakuiondoi. Mtu akila mumunye chungu hutapika na kuhara, pengine damu, na wako waliolazwa hospitali kwa ajili yake. Wasomaji wa Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4, watakumbuka habari ya Elisha huko Gilgali wakati wa njaa, jinsi mtu mmoja alivyokwenda kondeni akaleta matango-mwitu, akayakata ndani ya sufuria, na waliokula wakatambua mara hatari iliyomo. Wataalamu wengi hudhani tunda lile ni la jamaa hii hii. Basi kabla ya kupika mumunye lo lote, onja kipande kidogo kibichi kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, kiteme na usilipike tunda lile hata kidogo. Wafundisheni watoto.

Tumefika mahali penye hasara kubwa kuliko zote, ndiyo kuchuma mapema. Tuseme yuko mama mjane mwenye mashina sita uani. Mwezi wa Aprili mtoto wake arudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, naye mama akiangalia kichanjani aona vibuyu ishirini vimening'inia, vikubwa, vya kijani, vyang'aa. Nani asiyeona fedha hapo? Lakini ganda lake bado ni maji. Akivichuma leo, baada ya siku chache vitasinyaa kama mfuko mtupu, kisha vitaoza. Na kama amekwisha kumwuzia mtu, vitaoza nyumbani mwa yule mtu, wala hatarudi tena kununua. Ishara ya ukomavu ni kikonyo. Kikiwa kijani, tunda linanyonya bado. Kikiwa kimekauka, rangi ya kahawia, na ngozi ya tunda imepauka, wala ukucha hauingii, ndipo unapoweza kukata, ukiacha kikonyo urefu wa vidole vitatu. Penye kiangazi kizuri ni afadhali kuviacha vikauke papo hapo juu ya mtambaa uliokufa, ilimradi mbuzi hawafiki. Fedha za Aprili sharti zitafutwe kwingine. Vibuyu ni fedha za mwisho wa mwaka.

Ukivichuma, usivianike juani juu ya bati. Jua kali hupasua. Vitundike kivulini penye upepo, kimoja kisiguse kingine, au uvipange juu ya kichanja na kuvigeuza kila juma. Baada ya siku kadhaa vitafanya koga, vyeusi na vyeupe, na harufu yake si nzuri. Mtu asiyejua hushtuka akavitupa. Usivitupe! Koga hili ni la ngozi ya juu, ni maji yakitoka. Kibinye tu kwa kidole: kama ganda ni gumu, ni kizima, kama pana mahali panabonyea, hicho kimeoza, kitoe upesi. Kidogo hukauka mwezi mmoja au miwili, kikubwa huweza kuchukua miezi sita. Utajua kimekauka kikiwa chepesi mkononi, na ukikitikisa mbegu zalia ndani.

Kukisafisha ni kazi ya maji. Kiloweke katika maji ya moto kiasi, kwa saa moja, ukizungushie kitambaa kilicholowa, kisha usugue kwa gunzi la mhindi na mchanga laini mpaka ngozi nyembamba ya juu itoke na rangi ya dhahabu ionekane. Ndani ni vivyo hivyo. Kata mdomo kwa msumeno mdogo au kisu chenye meno, jaza maji, acha siku tatu nne nyama ilegee, kisha tia changarawe na kutikisa. Rudia, kwa maana maji ya kwanza huwa machungu sana; mimina, jaza tena, hata maji yakionjwa yasiwe na uchungu. Kibuyu kisichofika hapo kiuzwe kwa pambo tu. Wala usikwangue kibuyu kikavu bila kujifunga kitambaa puani na kinywani. Vumbi lake huwasha kifua, na mwenye pumu ataumia.

Baada ya hapo kazi ni ya mkono na jicho. Kilainishe kwa msasa. Chora kwanza kwa penseli, polepole, kisha choma mistari kwa msumari uliotiwa motoni na kushikwa kwa mpini wa mti. Mistari ya kahawia iliyochomwa haifutiki. Wengine huchonga kwa ncha ya kisu, ngozi ya juu ikatoka na weupe wa ndani ukaonekana. Katika nchi ya Peru, karibu na mji wa Huancayo, viko vijiji viwili viitwavyo Cochas Chico na Cochas Grande ambavyo sifa yao yote ni kuchonga vibuyu namna hiyo, habari za kijiji kizima zikazunguka tunda moja. Wengine hushona ngozi na shanga mdomoni, au husuka ukambaa wa kukichukulia. Mwishowe kipakwe nta ya nyuki, kikang'aa. Rangi za dukani na vanishi zapendeza, lakini kibuyu kilichopakwa hivyo ndani kisitiliwe chakula, na muuzaji amwambie mnunuzi bila kuulizwa.

Kilichopasuka nacho si cha kutupa. Wazee walitoboa matundu madogo pande mbili za ufa kwa msharasi, wakashona kwa uzi wa ngozi au wa katani. Mshono huo ukifanywa vizuri ni pambo, na mara nyingi mgeni hukichagua hicho na kuviacha vizima.

Wanunuzi ni wa namna nyingi. Wafugaji bado wanataka vibuyu vya maziwa vyenye shingo nyembamba, nao ni waamuzi wakali: watakinusa, watakigonga, watasikiliza. Wapigaji wa zeze wanataka ganda la mviringo lisilo na kasoro, maana sauti hutoka humo. Kwaya zataka manyanga. Kitoma kikavu kilichotiwa mbegu na mpini ni kazi ya nusu siku, na kila usharika una kwaya. Watu wa hoteli na maduka ya wageni wataka bakuli, taa zenye matundu ya nakshi, na vyombo vya maua makavu. Kwa hao wa mwisho angalieni habari ya mali kauli. Mwenye duka asemapo, "Mama, acha hapa ishirini, nitakulipa vikiisha," si kosa kumwachia vitano, mkaandikiana idadi na bei. Vitano vikilipwa, ndipo upeleke vingine. Na sokoni mnunuzi akiuliza, "Bibi, hiki hakivuji?" jibu zuri ni hili: "Karibu, mwanangu, tia maji mwenyewe uone."

Tufanye hesabu, kwa bei za mfano tu. Bei ya kweli kaulize soko lako. Mashina 6, kila moja matunda 4, ni vibuyu 24. Tuhesabu 6 vimeoza na 2 vimepasuka vibaya, vimebaki 16. Kati yake 10 ni vya sura nzuri, ukavipamba ukauza kwa shilingi 5,000 kila kimoja: 50,000. Vilivyobaki 6 ukavifanya kata kwa shilingi 1,500: 9,000. Jumla ni 59,000. Toa 14,000 za msasa, nta na nauli. Umebakiwa na 45,000. Kama kazi yote ya kusafisha na kupamba ilikuchukua siku 9, umepata 5,000 kwa siku. Linganisha na ujira wa kibarua wa kwenu, ukikumbuka ya kuwa siku hizi zako ni za kiangazi, Septemba mpaka Novemba, wakati kazi ya shamba imepungua, na fedha zaja Desemba, shule zikiwa karibu kufunguliwa. Wala hukukopa kitu. Naona hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo zaidi ya faida yenyewe: mwaka ukiharibika, umepoteza samadi na jasho, hukupoteza fedha ya mtu. Atakayekuambia ukope ili upande ekari nzima ya vibuyu, mkwepe.

Limebaki jambo la mbegu, nalo si dogo. Plastiki ilipoingia, watu waliacha kupanda, na mbegu ya kibuyu fulani ikikosa kupandwa miaka mingi hufa, na sura ile hairudi tena. Huko Kitui, katika nchi ya Wakamba, chama cha wanawake cha Kyanika kililiona jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakishirikiana na wataalamu, walizunguka kukusanya mbegu za vitete, ndivyo Wakamba waviitavyo vibuyu, pamoja na majina na matumizi ya kila namna, wakafanya nyumba ya kuvihifadhi ili watu waje kutazama.

Sisi nasi twaweza kufanya kwa kadiri yetu. Waulize bibi zako sasa, wangalipo, kama wana mbegu ya kile kibuyu kirefu cha maziwa au cha kichwa kidogo. Lakini ujue ya kuwa mimumunye ya namna mbalimbali iliyo karibu huchanganyika kwa kazi ya nondo, na mwaka wa pili utapata sura usizozitaka. (Haichanganyiki na maboga, ingawa wengi husema hivyo.) Kwa hiyo alasiri chagua ua la kike ambalo litafunguka jioni ile, na maua mawili ya kiume ya namna ile ile, uyafunge ncha kwa uzi, nondo asiingie. Jioni yafungue, upake unga kwa mkono, ufunge tena lile la kike, ulitie alama ya kitambaa chekundu kikonyoni. Tunda lile usiliuze, hata likipendwa namna gani. Likikauka lipasue, chagua mbegu nene zilizojaa, zianike kivulini siku kadhaa, uzichanganye na majivu makavu, uzitie katika kitoma chenye kizibo cha gunzi, na juu yake uandike jina la kibuyu, jina la mzee aliyekupa, na mwaka.